Hodi, karibu, starehe: majibu ya maswali yenu

Katika toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu neno "karibu" na adabu za kupokea wageni. Yamekuja mengi, na yaliyofanana tumeyaunganisha. La shuleni tumelitanguliza kwa kuwa majibu mengine yote yanaliegemea.

Shikamooni wazee wa safu hii. Ninafundisha Kiswahili Kidato cha Pili, Tabora. Wanafunzi wameniuliza kama "karibu" ya "kaa karibu na dirisha", ile ya "karibu aanguke" na hii ya kumpokea mgeni ni neno moja, au ni maneno matatu yaliyofanana sura tu. (Mwalimu, Tabora)

Marahaba, mwalimu. Ni neno moja. Asili yake ni Kiarabu, "qarib", yaani kisicho mbali, na maana hiyo ya umbali mfupi ndiyo iliyozaa nyingine zote. Kwanza inahusu mahali: kaa karibu na dirisha. Kutoka mahali ikahamia kwenye wakati: mfungo umekaribia. Kisha ikaingia kwenye kiasi: walifika karibu watu 200. Ikaishia kwenye jambo ambalo lilibaki kidogo tu litokee: karibu aanguke. Mwenye nyumba anayesema "karibu" anamwambia mgeni asisimame mbali, asogee. Ndiyo sababu neno hili halipendi kwenda peke yake. Linapotamkwa, mlango hufunguliwa, kiti huvutwa au mkeka husogezwa. Anayesema "karibu" huku amekaa vile vile, macho kwenye simu, ametamka neno lakini hajamkaribisha mtu.

Darasani waonyeshe ukoo wa neno hili, watalikumbuka zaidi. "Takriban" ni ndugu yake. "Akraba", yaani jamaa wa damu, ni ndugu yake pia. "Kurubani", sadaka ya kumkurubia Mungu, imo humo humo. Sikilizeni konsonanti: k, r, b, kila mahali zipo na kila mahali kuna habari ya kusogeleana. Ndani ya Kiswahili chenyewe tumeongeza karibia, karibiana, karibisha, karibishana, ukaribu, ukaribisho na mkaribishaji.

Sasa yale yanayokosewa kwenye mitihani. "Karibu" yenye maana ya kubaki kidogo hufuatwa na kitenzi cha kuishia na -e: karibu aanguke, karibu tuchelewe. "Karibu alianguka" si sahihi. Ukitaka kutumia wakati uliopita, sema "alikuwa karibu kuanguka". Na wasilichanganye na "nusura". Ndani ya "nusura" mna kuokoka, kwa hiyo hutumika kwa balaa lililompita mtu: nusura agongwe na gari. Huwezi kusema "nusura apate kazi" isipokuwa kama kazi yenyewe ni balaa, lakini "karibu apate kazi" inasemeka vizuri.

Kwenye hesabu, "karibu watu 200" humfanya msikilizaji aelewe kuwa hawakutimia. Kama huna hakika walizidi au walipungua, sema "watu 200 hivi" au "yapata watu 200".

Tunatengeneza mabango ya kumbi na kadi hapa Morogoro. Mteja mmoja anataka "Karibu", mwingine "Karibuni wote", mwingine "Karibuni nyote". Juzi mmoja amerudisha bango akidai "karibuni" maana yake ni "hivi punde". Tufuate lipi? (Mafundi wa mabango, Morogoro)

Mteja wenu amechanganya -ni mbili. Iliyo kwenye "karibuni nyumbani kwetu" ni ya wingi wa watu tunaosema nao. Kwa kawaida -ni hiyo hukaa kwenye vitenzi vya kuamuru, kama njooni na ingieni, lakini Kiswahili kimeipa pia maneno kadhaa ya adabu ambayo si vitenzi: asanteni, poleni, kwaherini, shikamooni. Ile ya "hivi karibuni" ni nyingine. Hiyo ni -ni ya mahali, kama ya mezani au nyumbani, iliyohamia kwenye wakati, na ndiyo maana karibu kila mara hutanguliwa na "hivi". Bango la mlangoni halina "hivi" mbele yake. Mrudishieni.

Kati ya "wote" na "nyote", andikeni "nyote". "Wote" ni ya watu tunaowasimulia: wote wamefika. "Nyote" ni ya watu tunaosema nao: nyote karibuni. Mitaani "karibuni wote" imeenea na hakuna mgeni atakayekosa kuielewa, ila bango hukaa ukutani miaka, na mwenye sikio la lugha ataliona kosa hilo kila apitapo. Kama nafasi ni finyu, "Karibuni" peke yake inatosha, kwa sababu wingi umeshatajwa na -ni.

"Karibu" ya umoja haina kosa kwenye mlango wa duka au hoteli. Humsemesha mmoja mmoja anayeingia, na kwa biashara tunaiona bora kuliko ya wingi. Kwenye ukumbi wa harusi au mkutano, watu wanapoingia kwa makundi, wekeni "Karibuni".

Baada ya "karibu" jina la mahali au la kitu hufuata bila kiungo: Karibu Morogoro, karibu ndani, karibu kiti, karibu chai. "Karibu kwa Morogoro" ni kosa. "Karibu kwenye mkutano" inakubalika, ingawa "karibuni mkutanoni" ni fupi na tamu zaidi, na kwenye bango ufupi ni fedha: herufi zinapungua, na zilizobaki zinaweza kuandikwa kubwa.

Mtu akiniambia "asante", mimi hujibu "karibu". Mjomba wangu wa Mombasa ananikemea, anasema karibu ni ya mgeni. Kuna mwenzangu kazini anajibu "unakaribishwa". Nani yuko sawa? (Msomaji, Nairobi)

Mwenzako wa kazini ndiye wa kwanza kurekebishwa. "Unakaribishwa" kama jibu la asante ni Kiingereza kilichovishwa Kiswahili. Sentensi hiyo ina mahali pake halali, nayo ni kwenye mwaliko: "unakaribishwa kuhudhuria mahafali". Kama jibu la shukrani humwacha msikilizaji akisubiri aambiwe anakaribishwa wapi.

Wewe na mjomba mna haki nyote wawili, kwa mahali tofauti. Bara, Kenya na Tanzania, "karibu" baada ya "asante" imekuwa kawaida ya kila siku. Inaeleweka kama ufupi wa "karibu tena", na ndiyo sababu inakaa vizuri zaidi pale ambapo kweli mtu anaweza kurudi: dukani, mgahawani, kwa fundi, nyumbani kwa mtu baada ya chakula. Mama ntilie akipokea pesa na asante, akajibu "karibu", amesema neno lenye maana kamili.

Linapochechemea ni pale ambapo hakuna pa kumkaribisha mtu. Umempisha mzee kiti kwenye matatu, akakushukuru, nawe ukamjibu "karibu". Umemwokotea mtu pochi, au umempa mtu pole ya msiba akasema asante. Hapo mjomba ana hoja. Majibu ya Kiswahili yapo mengi: "haya", "si kitu", "hamna neno", na "asante kushukuru", ambalo tunalipenda kuliko yote kwa kuwa linamrudishia mwenzako heshima ya kushukuru kwake. Kwa aliyekushukuru kwa pole ya msiba, "haya, Mungu awape subira" ndilo linalostahili.

Kwa hiyo mbele ya mjomba, chagua "si kitu". Kazini, "karibu" yako haina tatizo.

Mimi ni mtu wa Singida, nimeolewa Unguja mwezi huu. Kila ninapopita majirani wananiambia "karibu!", nami nasimama nikidhani ninaitwa. Wifi zangu wanacheka. Nikiwakuta wanakula ndiyo sijui hata la kusema. Nisaidieni. (Bibi harusi mpya, Unguja)

Hongera, na usione haya, dada. Huko uliko kuna nusu ya pili ya neno hili ambayo bara haikufika. Karibu ya pwani ina jibu lake, nalo ni "starehe".

Utaratibu uko hivi. Unapita, watu wamekaa barazani, mmoja anasema "karibu". Wewe usisimame. Punguza mwendo kidogo, waangalie, jibu "starehe" kisha endelea na njia. Maana yake ni: bakini katika raha yenu, msisumbuke kwa ajili yangu. Asili yake pia ni Kiarabu, neno la kupumzika, na hutumika vivyo hivyo ukiingia mahali mtu akataka kunyanyuka akupishe kiti: "starehe, starehe", yaani kaa tu. Ukisema "asante" utaeleweka, lakini asante inaweza kusikika kama umepokea wito, na huenda ndiyo maana wakati mwingine umeona kiti kinaletwa.

Kwenye chakula, kila anayekula hulazimika kumkaribisha anayepita au anayeingia. Kula mbele ya mtu bila kumwambia "karibu" ni aibu hata kama sahani ina tonge moja. Basi ujue kwamba kuna karibu ya adabu na karibu ya kweli, na zinatofautishwa kwa matendo. Ya adabu husemwa mara moja, mkono ukiwa bado kwenye sahani. Jibu lake ni "starehe", au "asante, endeleeni", na mambo yamekwisha, hakuna aliyekataliwa wala aliyenyimwa. Ya kweli hurudiwa: "karibu, karibu bwana, njoo tule", na mtu anajisogeza kukupa nafasi mkekani, au mtoto ametumwa kuleta maji ya kunawa. Maji yakishaletwa, usikatae. Nawa, kaa, na hata kama umeshiba onja tonge mbili tatu kisha useme "alhamdulillahi" au "nimeshiba, asante". Aliyekatalia maji ya kunawa amewaaibisha waliomletea.

Ukiwa mwenyeji, hapo ndipo wageni wengi kutoka bara hukosea: usimuulize mgeni kama atakula. Aliyelelewa vizuri atajibu hapana, na wewe utakuwa umemnyima kwa swali lako. Andaa, leta, weka mbele yake, ndipo useme "karibu". Maji ya kunawa huletwa kwa birika au jagi na beseni, mdogo wa nyumba akimimina taratibu, akianzia kwa mgeni au mtu mzima kuliko wote, kitambaa begani. Maji yawe ya vuguvugu kama kuna samaki au mchuzi wa nazi, maana ya baridi hayaondoi mafuta. Baada ya kula hurudiwa tena, safari hii na sabuni.

Jambo moja linatusikitisha. Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na shule za Afrika Mashariki zikapokea sarufi yake na msamiati wake. "Karibu" ikaenda mpaka Kigoma na Kisumu. "Starehe" ya kujibia ikabaki visiwani na mwambao, na kwingine ikageuka neno la anasa na kumbi za muziki. Wifi zako wakikucheka, wacheke, lakini ukirudi Singida wafundishe wa kwenu.

Assalaam aleikum. Hapa Muscat wazee wetu waliozaliwa Zanzibar bado wanapiga hodi hata kwa watoto wao wenyewe. Vijana wanabonyeza kengele na kuingia. Andikeni utaratibu kamili tuwasomee: hodi ngapi, usimame wapi, ukiulizwa nani ujibuje. (Msomaji, Oman)

Waaleikum salaam. Tumefurahi swali hili limetoka kwenu, kwani huko Oman na Imarati wenyeji nao wana "hud, hud" ya mlangoni, na mgeni huambiwa "qarrib", sogea, kwa shina lile lile la karibu yetu. Vijana wenu wakipiga hodi hawatakuwa wageni wa adabu za hapo.

Simama pembeni ya mlango, kulia au kushoto, usiukabili. Mlango ukifunguliwa ghafla macho yako yasiingie ndani kabla yako. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijua hilo. Mbele ya mlango kuna daka, yaani kibaraza cha kuingilia, lenye viti vya mawe, na njia ya kuingilia imepindwa, hivi kwamba aliyesimama mlangoni hawezi kuona kiwanda, yaani ua wa ndani, wala vyumba. Nyumba zetu za sasa zina mlango unaotazama sebule moja kwa moja, na sebule inatazama jikoni. Kwa hiyo kinga iliyokuwa kwenye ukuta imebaki kwenye miguu ya mgeni mwenyewe.

Gonga kwa kiasi, kisha toa sauti: "Hodi!" Mkono pekee hautoshi. Kugonga kunawaambia wa ndani kuwa kuna mtu, hodi inawaambia kuwa mtu huyo anaomba ruhusa, na sauti inawajulisha kama ni mwanamume au mwanamke ili wajisitiri. Hapa ndipo kengele inapopungukiwa. Tumieni kengele, hasa kwenye ghorofa na nyumba za geti, ila mlango wa ndani ukifunguliwa hodi itamkwe vile vile.

Idadi ni tatu. Baada ya ya kwanza subiri muda wa mtu kuvaa kitu na kutembea hadi mlangoni. Ya pili, pandisha sauti kidogo: "Hodi, wenyewe!" Ya tatu ikikosa jibu, ondoka. Usizunguke dirishani wala kusukuma mlango, na usianze kumuuliza jirani kama wamo. Kwa Waislamu hili lina msingi katika Surat An-Nur, aya ya 27 na 28: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka mwombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na mkiambiwa rudini, basi rudini. Hodi tatu zimetajwa katika hadithi za Mtume. Majirani Wakristo wa pwani na bara wana hodi hiyo hiyo bila kuuliza imetoka wapi.

Ukiulizwa "nani?", taja jina. "Mimi" si jibu. Nalo lina hadithi yake: Jabir alibisha, akaulizwa nani, akajibu "mimi", na Mtume akalirudia "mimi, mimi" kwa namna ya kutolipenda. Kila aliye nje ni mimi.

Jibu la ndani ni "karibu", na mpaka lisikike mgeni hana ruhusa. Kukohoa kwa mtu ndani, au mlango kuwa wazi, si karibu. Akijibu mtoto, muulize kwanza nani mkubwa yupo. Mwanamume akijibiwa na mwanamke kuwa mwenyewe hayupo, basi huacha salamu na ujumbe pale pale nje, hata akiambiwa karibu. Karibu hiyo ni ya adabu, na jibu lake analijua mwenzenu wa Unguja hapo juu.

Wazee wanaopiga hodi kwa watoto wao waliooa wanafanya sawasawa. Nyumba ya mwana aliyeoa ni ya watu wawili.

Vijana wenu wajue pia kwamba neno hili limesafiri. Waganda husema "koodi" na kujibiwa karibu. Kongo husikika "odi". Malawi mgeni husema "odi" na mwenyeji hujibu "odini". Barani Afrika kijana anayejua hodi anaweza kusimama kwenye milango mingi sana akaeleweka.

Kwenye kadi ya harusi tuandike "tunakualika" au "tunakukaribisha"? Na mshereheshaji aseme "namwalika" au "namkaribisha" mgeni rasmi? (Kamati ya harusi, Dar es Salaam)

Kualika hutangulia, kukaribisha hufuata. Unamwalika mtu akiwa kwake, unamkaribisha akishafika au anapokaribia kushika nafasi. Kwa hiyo kadi: "Familia ya… inayo furaha kukualika wewe / Bw. na Bi. …". Ukumbini, mgeni rasmi ameshafika, hivyo mshereheshaji "anamkaribisha" azungumze. Akisema "namwalika aje mbele" anaelekea kusahau kuwa mtu huyo amekaa meza kuu tangu saa mbili usiku. Chini ya kadi "karibuni sana" haina kosa, lakini kama kadi ina jina la mtu mmoja andikeni "karibu sana", la sivyo atakuja na watu watano na atakuwa na ushahidi wa maandishi.

Cheo kinatangulia jina. Utii na heshima havipatikani kwa kuongeza -ni kwa mtu mmoja: "Karibu Mheshimiwa", "karibu Bi Mkubwa", "karibu Mzee". Heshima imo kwenye neno la kuitia.

Tunalea watoto Marekani, Minneapolis. Wageni wakija nawaambia wanangu waseme "jisikie nyumbani". Mama yangu kwenye simu amesema huko si kukaribisha. Waseme nini? (Mzazi, Marekani)

Mama ana sikio. "Jisikie nyumbani" imetafsiriwa kutoka Kiingereza na inamtaka mgeni ajifanyie kazi mwenyewe. Kiswahili humwambia mgeni: "hapa ni kwako", "usiwe mgeni", "pita, kaa". Fupi, na mtoto wa miaka 5 anaziweza.

Lakini wafundishe zaidi kufanya kuliko kusema, na mpangilio ni huu. Mtoto akifungua mlango: shikamoo, papo hapo, kabla ya neno jingine. Kisha apokee mzigo, hata kama ni mkoba mdogo. Mgeni atasema "acha tu mwanangu", na mtoto arudie mara moja. Amwelekeze kiti: "karibu kiti, mjomba". Alete maji ya kunywa kwenye trei au sahani, kwa mikono miwili au mkono wa kulia, asimame mpaka mgeni apokee. Hapo mkubwa wa nyumba anaingia na "pole na safari". Habari za kilichomleta mgeni haziulizwi mpaka anywe maji hayo, na mtoto haziulizi kabisa.

Wakati wa kuondoka, "karibu tena" husemwa nje, si kwenye kochi. Mgeni husindikizwa mpaka kwenye lifti au gari lake. Kwa baridi ya Minnesota mlangoni panatosha, lakini mtoto asimame hapo na mlango usifungwe mpaka mgeni ageuze mgongo. Kumfungia mtu mlango akiwa bado anasema kwaheri kunafuta karibu zote zilizotangulia.

Kwa yule atakayekaa siku kadhaa, methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine huisoma kama ukali. Kwa mila ilivyo, kumpa mgeni kazi ndogo siku ya tatu, kukuna nazi au kuosha vyombo, ndiko kumtoa kwenye ugeni. Ukimzuia asiguse chochote wiki nzima atahisi anahesabiwa siku.

"Karibu na", "karibu ya" au "karibia na"? (Msomaji, Bujumbura)

"Karibu na soko." "Karibu ya soko" husikika kwenu, Kongo na sehemu za Kenya, na kwenye mazungumzo hakuna atakayekukwaza nayo, ila kwenye maandishi sanifu weka "na". "Karibia" ni kitenzi, nacho hakihitaji kiungo: "tumekaribia soko". "Tumekaribia na soko" ni kosa.